Muziki wa upepo katika ghorofa la zege

*Sabufa, spika za Wi-Fi na simu kuukuu: mwandishi wetu amezunguka Kariakoo kutafuta chombo cha muziki kinachofaa nyumba ya mjini*

ALHAMISI jioni, baada ya sala ya magharibi, shangazi yangu alikuwa ameketi sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Tasbihi mkononi, macho ameyafumba. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa husikiliza Yasini. Kisomo kilikuwa kinatoka kwenye simu yake, kinapita hewani kwa Bluetooth, kinasikika kwenye sabufa iliyo chini ya televisheni.

Simu ikaita. Ni bintiye, kutoka Muscat. Shangazi akainuka, akaenda roshani ya nyuma ambako mtandao hushika vizuri, akafunga mlango.

Kule sebuleni sabufa ikanyamaza. Ikatoa ule mlio wake wa kutafuta simu. Mara singeli ikalipuka, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

Hakuna aliyegusa kitu. Kijana wa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, aliwahi kuunganisha simu yake kwenye sabufa hiyo siku ya Idi alipokuja kula pilau. Simu yake iliikumbuka. Yeye alikuwa chumbani kwake, amebonyeza wimbo, anashangaa mbona hasikii kitu.

Shangazi alirudi mbio akachomoa waya ukutani. Nilipokwenda kumwona Ijumaa alikuwa bado ana uchungu. "Hii spika si yangu tena, mwanangu," aliniambia. "Ni ya yeyote mwenye simu."

Jumatatu nikalifikisha jambo hili kwenye kikao cha chumba cha habari, nikapewa kazi: mtu wa mjini, anayeishi ghorofani na majirani kila upande, anunue chombo gani ili apate muziki bila nyaya na bila fadhaa?

Upepo wa zamani

Lugha yetu ilishalipa jina jambo hili zamani. Chombo cha polisi cha kuzungumzia bila waya tulikiita simu ya upepo. Redio nayo ilikuja kwa upepo huohuo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na baada ya uhuru ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, ile iliyowafikisha Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu katika nyumba ambazo hazikuwahi kuona santuri.

Nyumba zenyewe zilisaidia. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na ua nyuma. Redio moja ikiwekwa dirishani, wapangaji wote walisikia. Aliyetaka muziki wa bendi wenyewe alitembea kwa miguu mpaka ukumbi wa DDC Kariakoo kuwaona Mlimani Park, wana Sikinde.

Nyingi ya nyumba hizo zimevunjwa. Mahali pake pameota maghorofa, na kila mlango sasa una televisheni yake, rauta yake na spika yake. Kaseti ilikuja ikaondoka, sidii vilevile, flashi bado ipo. Kisha ikaja intaneti ya kasi: mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009. Boomplay ilianza mwaka 2015 ndani ya simu za Tecno, na Spotify ikafunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021. Tangu hapo muziki wa dunia nzima upo mfukoni. Kazi iliyobaki ni kuutoa mfukoni na kuujaza sebuleni.

Wati elfu kumi

Nilikwenda Kariakoo na shangazi mwenyewe, saa nne asubuhi, kabla Mtaa wa Congo haujafunga njia. Kutoka kwenye makutano ya Aggrey na Likoma, penye wauza simu, tulikwenda duka kwa duka. Sea Piano, Aborder, Sundar: majina haya yamepangwa ukutani mpaka darini, kila katoni na picha ya spika inayotoa moto.

"Karibu mama, kaa hapa," kijana wa duka la tatu alimsogezea kiti. Kisha akanigeukia mimi. "Bosi, mnataka sabufa ya kupiga au ya kusikiliza?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hiyo. Lakini hakusubiri jibu. Akawasha, na meza ya kioo ikaanza kutetemeka.

"Hii wati elfu kumi, mama. Jirani mwenyewe atakuja kuuliza umenunua wapi."

"Jirani ndiye ninayemkimbia, baba," shangazi akajibu.

Niliomba tuigeuze sabufa ile. Mbele ya katoni pameandikwa 10,000W, na pembeni kwa herufi ndogo, PMPO. Nyuma ya chombo chenyewe, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kinachosema kinatumia wati 45.

Chombo hakiwezi kutema kuliko kinavyomeza. Kinachovuta wati 45 ukutani hakitatoa hata hizo 45 kamili kama sauti ya mfululizo, kwa sababu sehemu inapotea kama joto. PMPO ni hesabu ya mshindo wa kufumba na kufumbua, na kila kiwanda huipiga kitakavyo. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani nguvu ya kudumu. Kama hakikuandikwa, soma kibandiko cha nyuma.

> Chombo hakiwezi kutema kuliko kinavyomeza. Ukitaka kujua nguvu ya sabufa, iache katoni, geuza mgongo wake usome.

Sebule ya kawaida ya ghorofani, ya mita nne kwa nne, inatoshelezwa na wati 20 za kweli. Upande wa umeme kibandiko hicho kinaleta faraja. Wati 45 kwa saa tano kila siku hazifiki uniti 7 za Luku kwa mwezi, hata chombo kikifanya kazi kwa nguvu zake zote.

Kinachowaumiza majirani ni besi. Sauti nyembamba hufia ukutani, lakini besi hushuka kwenye sakafu ya zege, ikapanda nguzo, ikamwamsha mtoto wa ghorofa ya tano. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona ya chumba huongezewa besi na kuta mbili bila kuombwa. Itoe konani, iweke juu ya kipande cha zulia nene au sponji, punguza kitufe cha besi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka kikomo kikali zaidi usiku kuliko mchana, na usiku ndipo wengi wetu tupo nyumbani na muziki wetu.

Njia mbili za hewani

Wauzaji husema "haina waya" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na aliyeumizwa na kimoja anaweza kuponywa na kingine.

Kwa Bluetooth, simu ndiyo mpishi na ndiyo mpakuaji. Inauvuta wimbo kwenye mtandao, inaufungua, inaufunga upya, inaurusha kwenye spika. Kila kinacholia ndani ya simu kinaweza kwenda kule, pamoja na mlio wa ujumbe wa benki. Ukipigiwa, muziki unasimama. Ukitoka na simu, unatoka na muziki. Mita kumi ndiyo desturi yake penye uwazi. Weka ukuta wa tofali na nondo katikati, zinapungua sana.

Halafu sabufa nyingi za bei ya kawaida hazina namba ya siri. Simu moja ikishaungana, nyingine hazipati nafasi. Ikitoka tu, mlango uko wazi. Hicho ndicho kilichompata shangazi: mlango wa roshani ulipofungwa nyuma yake, uzi wa hewani ulikatika, na aliyekuwa karibu akaingia.

Kwa Wi-Fi, spika yenyewe ni kompyuta ndogo. Simu inaiambia tu icheze nini, nayo inakwenda mtandaoni kuchukua. Simu inabaki kuwa rimoti. Unaweza kupigiwa, kushuka dukani, hata kuizima, na muziki ukaendelea. Spika mbili au tatu za vyumba tofauti zinaweza kupiga wimbo mmoja kwa pamoja, au kila chumba wimbo wake. Kampuni ya Sonos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, ndiyo iliyoifanya biashara hii ijulikane. Teknolojia kama hiyo Apple inaiita AirPlay, Google inaiita Cast, Spotify inaiita Connect. Asiye na neno la siri la Wi-Fi yako hawezi kukuvamia.

Kwa maelezo hayo ungesema shauri limekwisha, tununue spika za Wi-Fi. Ndivyo nilivyodhani mimi pia mpaka siku ya pili.

Hewa iliyojaa

Nikiwa sebuleni kwa shangazi nilifungua simu nihesabu mitandao ya Wi-Fi inayoonekana. Nilipofika 23 nikaacha. Karibu yote ilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambamo kuna njia tatu tu zisizogongana: ya 1, ya 6 na ya 11. Rauta ishirini na tatu zinasukumana kwenye vichochoro vitatu, na Bluetooth ya kila nyumba inapita humohumo, ikirukaruka mara 1,600 kwa sekunde kutafuta upenyo. Spika inapokatakata usiku wakati watu wote wamerudi, kosa si lazima liwe la spika. Hewa imejaa.

Dawa ipo. Rauta nyingi za sasa zina masafa ya gigahezi 5, ambayo yana njia nyingi zaidi na hayapenyi ukuta kirahisi. Udhaifu huo ghorofani ni msaada, maana ya jirani nayo hayapenyi kuja kwako. Kabla ya kununua spika ya Wi-Fi, uliza kama inapokea gigahezi 5. Zile za bei ndogo mara nyingi hazipokei.

Kisha kuna gharama. Spika moja ndogo ya Sonos, Era 100, ilitoka mwaka 2023 kwa dola 249 za Marekani, takriban laki sita za kwetu kabla ya nauli na ushuru. Kwa spika moja. Nyingi zinazoonekana mjini zimeletwa na ndugu walioko ng'ambo, na hapo pana la kutazama: umeme wetu ni volti 230. Kilichonunuliwa Marekani lazima kiwe kimeandikwa 100–240V, la sivyo kitaungua siku ya kwanza.

Na mtandao wenyewe unauzwa. Viwango vya kawaida vya Spotify ni kilobiti 96 kwa sekunde, 160, na 320 kwa anayelipia. Kwa kiwango cha kati, saa moja inakula megabaiti 72. Nyumba inayopiga muziki saa nne kwa siku itamaliza gigabaiti 8.6 kwa mwezi. Kwa kilobiti 320 ni mara mbili yake. Wengi wetu tunasikiliza YouTube huku video ikicheza bila mtazamaji, na hiyo inameza mara kadhaa zaidi. Mwenye faiba ya kulipa kwa mwezi, kama ile ya TTCL ya mlangoni, hatalihisi. Anayeishi kwa bando la siku atalihisi kabla ya Jumatano.

> Saa nne za muziki kwa siku, kwa kiwango cha kati, ni gigabaiti 8.6 kwa mwezi. Redio ya FM haili hata moja.

Tena mtandao hukatika. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kwa pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Mwenye spika inayojua Wi-Fi peke yake alibaki na pambo. Mwenye sabufa alichomeka flashi, au akafungua redio.

Meza ya fundi

Gerezani, nyuma kidogo ya kelele za magari, kuna fundi ambaye familia yetu imempelekea redio kwa miaka mingi. Juu ya meza yake kulikuwa na sabufa imefunguliwa tumbo. Akanionyesha bodi ndogo, haizidi vidole vitatu, yenye tundu la flashi, tundu la memori kadi, kioo cha namba na kipokezi cha Bluetooth. Nyaya nne tu zinaishika. Akaweka risasi kwenye chuma cha moto, akazing'oa nyaya moja moja, akabandika bodi mpya, akapuliza moshi. Hata chai yangu haikuwahi kupoa. Mwenye sabufa aliondoka nayo ikiimba.

Nilimuuliza kuhusu spika za kisasa za Wi-Fi. Alinijibu kwa kunyanyua moja iliyoachwa kwake tangu mwaka jana. Imegundishwa kwa gundi, haina skrubu inayoonekana, na ukishaifungua hakuna bodi yake dukani.

Jambo hili linanigusa zaidi ya wati na bando. Spika inayotegemea programu ya kampuni inaishi kwa hiari ya kampuni. Google ilianza kuuza Chromecast Audio mwaka 2015, kifaa kidogo kizuri cha kuipa spika yoyote ya zamani uwezo wa Wi-Fi, na Januari 2019 ikaacha kukitengeneza. Sonos ilitangaza mwaka 2020 kwamba vifaa vyake vya awali havitapata tena maboresho. Mei 2024 ikatoa programu mpya iliyoondoa mambo ambayo wateja waliyazoea, mkuu wake Patrick Spence akaomba radhi, na Januari 2025 akaondoka. Hao ni wateja waliolipa pesa nyingi, katika nchi zenye maduka ya huduma. Kariakoo mteja angempelekea nani?

Wanaotetea Wi-Fi wana hoja ya kweli: sauti safi, simu iko huru, majirani hawaingii. Mwenye nyumba yake, faiba, na kipato cha kumruhusu kubadilisha chombo baada ya miaka mitano, anunue bila wasiwasi. Kwa wengine tuliobaki, ambao sabufa ni mali ya nyumba na itarithiwa na mdogo wetu anayeanza maisha Mbagala, chombo kisichotengenezeka ni hasara.

Msanii naye

Kwenye vibanda vya pembeni mwa barabara bado unatoa flashi, unajaziwa mamia ya nyimbo kwa pesa kidogo. Nimefanya hivyo mwenyewe. Lakini aliyeziimba hapati chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, iko kwa ajili hiyo. Wimbo ukichezwa Boomplay, Audiomack au Spotify, kidogo kinahesabiwa kwa jina la mwenye kazi. Ni kidogo kweli, na wasanii wanalalamika kwa haki, lakini kinahesabiwa. Kwa hiyo ninapowashauri watu wasiitupe flashi, ninamaanisha flashi ya vitu ulivyovilipia au vilivyotolewa bure na wenyewe.

Simu yenye kioo kilichopasuka

Tulirudi kwa yule kijana wa duka la tatu. Nilimwomba atuonyeshe nyuma ya kila sabufa, tukachagua moja ya kati. Mambo tuliyoyatazama ni haya: ina redio ya FM; ina matundu mawili ya waya, jekundu na jeupe; rimoti yake ina kitufe cha kubadilisha njia, kutoka Bluetooth kwenda waya; na sauti ya mwimbaji inasikika wazi muziki ukiwa chini. Hilo la mwisho shangazi alilipima mwenyewe kwa taarabu anayoijua neno kwa neno. Sabufa mbili zilizolia kwa kishindo zilishindwa hapo, maneno yalimezwa na besi.

Jina kubwa la nje tuliliacha. Spika za majina hayo zinaigwa sana, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia mara kwa mara; kama huwezi kutofautisha, bora jina dogo la kweli. Tukachukua risiti ya EFD na tukaandikiwa muda wa garantii juu yake, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza kwa haraka ya kuondoka.

Kisha tukanunua waya wa oksi, wenye pini upande mmoja na vichwa viwili upande mwingine. Urefu wake haufiki mkono wangu. Ndio uliomaliza kazi.

Kabatini kwa shangazi kulikuwa na simu ya zamani ya mjukuu, kioo kimepasuka, lakini tundu la pini bado linafanya kazi. Tuliitoa laini. Tuliitazama betri kwanza, maana iliyovimba haifai kuchajiwa, na inayokaa kwenye chaji muda mrefu inataka kukaguliwa kila mara. Ilikuwa salama. Tukaiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani, tukaipakulia visomo na taarabu zake ndani ya memori kadi, tukaichomeka kwenye sabufa kwa waya ule, na tukaiweka sabufa kwenye njia ya waya, ambako Bluetooth ya jirani haifiki. Wajukuu wakitaka Bongo Fleva, wanaiamuru simu hiyo kwa Spotify kutoka kwenye simu zao, mradi akaunti ni moja. Hakuna waya unaopita sakafuni wa kumkwaza mtu. Mtandao ukikatika, memori kadi ipo. Simu ikifa, ndugu wengi wana nyingine kabatini.

Alhamisi iliyofuata nilikuwapo. Baada ya magharibi shangazi alibonyeza simu ile ya kioo kilichopasuka, akairudisha mahali pake kando ya televisheni, akaketi na tasbihi yake. Yasini ilikuwa haijafika katikati, simu yake nyingine ikaita. Akainuka kwenda roshani, safari hii akauacha mlango wazi.

Kisomo kiliendelea nyuma yake. Bintiye alikisikia Muscat, akamwomba mama yake arudi ndani asogee karibu na spika, akae hapo hapo mpaka iishe.